Nduru za Mto Katulye

Mume wangu Mathenge alinunua nyumba yenye magurudumu kabla ya kununua nyumba yenye msingi, nami nikamnunia siku tatu. Ilikuwa kombi ya kijani na nyeupe, mali ya mzungu mmoja mpimaji ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, meza, jiko dogo la gesi, sinki isiyokuwa na maji, na mapazia ya maua kwenye kila dirisha. Paa lilifunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, na huko juu palikuwa na kitanda cha turubai cha kumtosha mtoto. Sisi wenyewe tulikuwa tukilala nyuma ya duka letu la vipuri pale Emali, chumba kimoja na nusu, na mvua ikinyesha tulihamisha kitanda. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano.

Siku ya nne binti yetu Wariara, wa miaka sita, alipanda kile kitanda cha turubai akakataa kushuka. Alikula huko, akaimba huko, akawa anamwita baba yake dereva. Ningeendelea kununa vipi? Nikacheka, na Mathenge akajua ameshinda.

"Mama Wariara," akaniambia, "wazungu wanatoka kwao na ndege kuja kuangalia nchi yetu. Sisi kazi ni kuangalia malori ya Mombasa. Wacha na sisi tutembee."

Mteja mmoja alikuwa amemsimulia kwamba upande wa Kitui kuna mto uliokata mwamba mpaka ukafanya bonde jembamba lenye kuta nyekundu, ukisimama chini unaiona mbingu upana wa mkeka tu. Mathenge akanunua kamera. Duka tukamwachia ndugu yake Mugo, tukapakia nusu gunia la viazi kana kwamba Ukambani watu hawali, tukaondoka Alhamisi moja ya Novemba. Tulipitia Wote, tukalala Tawa kando ya soko. Asubuhi watoto walikuwa wamejipanga nje kuchungulia. Wariara akawa anawafungulia pazia, analifunga, analifungua tena, mwenye sinema wa kweli. Siku hiyo nilifurahi, sitakataa.

Furaha iliishia Kwa Vonza. Pale kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa kwetu, Kang'ethe, mtu wa Murang'a aliyekaa Ukambani miaka kumi na bado aliwaogopa wenyeji. Alitupa chai ndani ya duka, akaizunguka kombi mara mbili, akarudi akitikisa kichwa.

"Mnaenda kulala porini na hii? Na mtoto?" akauliza. "Juzi tu kule Kyuso lori imesimamishwa na watu wa bunduki na panga. Wakagonga mlango, wakaambia watu watoke. Wale walitoka hawakurudi."

"Kyuso ni mbali," Mathenge akasema.

"Mtu ako na miguu," Kang'ethe akajibu.

Mathenge alicheka. Mimi sikucheka. Inafaa niseme hapa mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtaniona mjinga, na ujinga haukuwa ndio shida yangu. Nilizaliwa Nyeri, na Hali ya Hatari ilinikuta nikiwa na miaka kumi. Alfajiri moja jirani yetu alipiga nduru. Tuliijua sauti yake, maana alikuwa rafiki wa mama na ndiye aliyenifundisha kusuka kiondo. Baba aliisukuma meza mpaka mlangoni. Mama alinivuta chini ya kitanda akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Nje kulikuwa na wanaume, wa msituni au wa serikali sijui hadi leo, na mmoja akaja mlangoni petu akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Fungueni, tokeni, kuna moto." Hakukuwa na moto wowote. Nduru ziliendelea muda wa kuchemsha sufuria ya viazi, kisha zikakoma. Asubuhi watu wote wa kijiji walikwenda kumzika, na hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi.

Tangu siku hiyo mwili wangu ulijua kitu kimoja, na ulikijua bila kuniuliza: nduru ikipigwa, funga.

Tulifika kwenye mto huo, Katulye, Ijumaa saa nne asubuhi. Njia ya ng'ombe ilishuka mpaka mtoni, na Mathenge akaiteremsha kombi polepole huku mimi nikiomba Mungu. Chini hapakuwa na mto niliouzoea mimi. Kwetu mto ni maji, yanapiga kelele mchana na usiku. Huu ulikuwa mchanga mweupe mtupu, mpana kama barabara mbili, umelala katikati ya kuta za mawe mekundu zilizopanda kuliko mnara wa kanisa. Mathenge aliegesha kwenye mwamba tambarare kando ya ukuta, mahali penye kivuli, akazima injini. Kimya kilichofuata kilinitia baridi.

Hatukuwa peke yetu. Hatua kama hamsini kutoka kwetu palikuwa na shimo la maji lililochimbwa mchangani na kuzungushiwa matawi ya miiba, na mwanamke wa makamo alikuwa ameinama humo akichota kwa kibuyu. Punda wawili walimngoja. Alipomaliza kujaza mitungi yake alikuja akatusalimu vizuri, akasema anaitwa Kasyoka, boma lake liko pale juu. Kisha akaitazama kombi.

"Baba, hii gari itatoka hapa saa ngapi?"

"Kesho, mama," Mathenge akajibu. "Leo tunalala hapa."

"Hapa hakuna mtu analala. Hata mbuzi hatulazangi hapa."

"Usijali, mama. Hatutachafua kisima yako."

"Sio kisima. Ni mto."

Mathenge akautazama mchanga, akanitazama mimi, akatabasamu. "Mto gani na wewe mwenyewe umechimba ndio upate maji ya punda?"

"Jana mvua ilinyesha kule juu sana."

"Juu wapi? Si uangalie mbingu." Nayo mbingu, ile kidogo iliyoonekana, ilikuwa bluu tupu.

"Maji ya huu mto si ya mvua ya hapa," Kasyoka akasema, na hakutabasamu hata kidogo. "Inanyesha kwa watu wengine, inakuja kwetu."

Mathenge aliona ameaibika mbele yangu, na mwanamume akiaibika hutafuta njia ya katikati. Akasema sawa, acha apande kwanza akapige picha akiwa juu ya ukuta wa pili wakati jua linaingia vizuri bondeni, akirudi ataisogeza gari. Nilimpa Kasyoka viazi bakuli mbili. Alishukuru, akavifunga kwenye leso yake, akaanza kupanda na punda wake. Alipofika nusu ya njia aligeuka akashuka tena mpaka kwangu, na mizigo ile yote.

"Mama mtoto," akaniambia, "mkisikia nduru, mtoke. Msichukue kitu. Mtoke tu mpande."

"Sawa, mama," nikamjibu, vile mtu huitikia salamu. Maneno yake yalipita.

Mathenge aliondoka karibu saa saba, kamera shingoni, funguo za gari mfukoni. Alivuka mchanga, akapata njia ya mbuzi kwenye ukuta wa pili, akapanda mpaka akawa mdogo, kisha akapotea. Wariara alikula, akapanda kitandani kwake chini ya paa, akalala. Mimi nikakaa mlangoni na kisu nikimenya viazi vya jioni.

Niliogopa tangu dakika ile ya kwanza. Mawe madogo yalikuwa yakianguka kutoka juu bila mtu kuonekana. Mwanamume mmoja alipita mchangani na panga begani, akaitazama kombi muda mrefu, akaniambia jambo kwa Kikamba. Nilitikisa kichwa kwamba sielewi. Alionyesha juu kwa panga, mara mbili, akaenda zake haraka. Nilifikiri ananionyesha kwao. Kisha nikafikiri anakwenda kuwaita wenzake. Watu wa bunduki na panga, Kang'ethe alisema. Nikajilaumu kwa kumwacha Mathenge aende na funguo, nikamlaumu Mathenge kwa kuzaliwa na miguu isiyotulia, nikamlaumu yule mzungu kwa kutoichukua kombi yake kwenda nayo Ulaya.

Kama saa tisa upepo ulianza kuvuma kutoka upande wa juu wa mto. Ulikuwa upepo wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa. Niliipenda ile harufu. Ilinikumbusha nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilivuta pumzi mpaka ndani.

Hapo ndipo niliposikia nduru ya kwanza.

Ilikuwa mbali sana, nyembamba, sauti ya mwanamke. Ikakatika. Kabla sijasimama ikapokewa na nyingine, ya mwanamume, karibu kidogo. Halafu nyingine. Zilikuwa zikishuka lile bonde mtu kwa mtu, kila moja karibu kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ikapigwa juu ya kichwa changu kabisa, ukingoni mwa ukuta, na mawe yote yakairudia.

Sikufikiria. Nasema hivi si kwa kujitetea, ndivyo ilivyokuwa. Miguu yangu iliingia ndani, mikono yangu ikauvuta mlango ikaufunga kwa kitasa, ikapandisha vioo, ikavuta mapazia ya maua dirisha kwa dirisha. Nilimshusha Wariara kutoka juu akiwa bado na usingizi, nikamlaza sakafuni chini ya meza, nikamlalia, nikamziba mdomo kwa kiganja. Maneno ya Kasyoka yalikuwa kichwani, mahali fulani, lakini yalikuwa ya saa tano zilizopita na hofu yangu ilikuwa ya miaka ishirini.

Nilisikia watu wakikimbia mchangani. Niliinua ncha ya pazia. Walikuwa wanaume watatu, mbele yule aliyepita mchana, na kila mmoja na panga. Walikuwa wanakuja kwetu moja kwa moja. Nikalirudisha pazia. 

Ngumi zikaanza kwenye bati, za pande zote mbili kwa wakati mmoja, na gari likatikisika. Walipiga kelele kwa Kikamba, wote pamoja. Kisha mmoja akapata Kiswahili.

"Fungua! Mama, fungua! Toka!"

Yale yale. Fungueni, tokeni. Nilimkandamiza Wariara zaidi.

"Toka, mama! Mto inakuja!"

Niliyasikia. Sitaki mtu anifikirie vingine, niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa, na nikajua ni ujanja. Yule wa alfajiri alisema kuna moto. Huyu anasema kuna mto. Wariara alikuwa akihangaika chini yangu. Aliniuma kidole, kwa meno yote, nikautoa mkono.

"Mama, wanasema mto unakuja!" akalia.

"Nyamaza!" nikamwambia mtoto wangu. "Nyamaza, watatusikia!"

Kioo cha mlango kilivunjika. Walikivunja kwa mgongo wa panga, na vipande vikatumwagikia kichwani. Mkono ukaingia, mkono mrefu wa mwanamume, mweusi, wenye vumbi mpaka kwenye kiwiko, ukawa unapapasa ukitafuta kitasa. Kisu changu cha viazi kilikuwa bado mkononi. Nikaukata ule mkono. Niliukata mara ya kwanza juu ya vidole, damu ikaruka kwenye mapazia, nami nikasubiri urudi nje.

Haukurudi. Nilikata tena. Mwenyewe huko nje alipiga ukelele wa maumivu, na mkono uleule, damu ikichuruzika, ukaendelea kupapasa mpaka ukakipata kitasa ukakizungusha.

Mlango ulifunguka na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa sauti. Sijui niifananishe na nini. Nilidhani ni malori mengi yanashuka mlima kwa pamoja. Yule mwanamume hakunipiga wala hakunitazama. Aliingiza mkono wake mzima chini ya meza, akamshika Wariara kwenye gauni, akamtoa kama mtu anayetoa mbuzi zizini, akamtupa begani na kukimbia naye. Nilimfuata nikilia, kisu mkononi, nimdunge mgongoni. Nilikuwa tayari kabisa kumuua. Hatua ya tatu mguu wangu ukaingia majini.

Maji yalikuwa yanatambaa kwenye mchanga, membamba, ya rangi ya chai ya maziwa, na yamebeba povu na vijiti. Yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Nikageuza shingo kuelekea juu. Kwenye kona ya bonde, urefu wa uwanja wa mpira kutoka kwetu, ukuta wa maji ya udongo ulikuwa unakuja ukibeba mti mzima na mizizi yake.

Nilisimama pale pale. Hofu niliyoijua mimi ilikuwa ya kujificha, na hapo hapakuwa na pa kujificha, basi miguu ikakosa la kufanya. Mtu alinizaba kofi. Alikuwa Kasyoka. Aliteremka mpaka mchangani na miguu yake mitupu, akanishika gauni kifuani, akanivuta mwambani, na wale wanaume wengine wawili wakanipokea mkono kwa mkono. Nilipanda kwa magoti na kucha. Kisu sijui nilikiachia wapi.

Juu kidogo nikageuka. Maji yaliifikia kombi, yakaizunguka, na kwa muda ilitulia kana kwamba itavumilia. Kisha ikanyanyuka. Iligeuka taratibu, paa bado limefunguliwa, mapazia yakipepea kwenye kioo kilichovunjika, ikaegemea ukuta mara moja na kuzama upande. Kitanda cha turubai ndicho kilichozama mwisho. Wariara alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkavu kabisa, anaitazama. Nilimfikia nikamkumbatia, naye akanisukuma. Mpaka leo nausikia ule msukumo kifuani.

Ng'ambo ya pili, juu ya ukuta, Mathenge alikuwa anakimbia. Alikuwa ameiona kombi yake ikipita chini yake na mapazia yamefungwa, na hakuna aliyemwambia kama tulikuwa ndani au nje. Nilimwona akielekea kwenye ukingo. Nilimwita, nikampungia, lakini mto ulikuwa umemeza sauti zote. Wanaume wale wakanitazama, wakaelewana, wakaweka viganja midomoni. Walipiga nduru nyingine, si ile ya kwanza, fupi fupi, nayo ikapokewa na mtu aliyekuwa mbali upande wetu, ikavuka mahali mto ulipokuwa mwembamba, ikarudi kwa upande wa pili. Nikamwona mzee mmoja akimkimbilia Mathenge huko, akamshika kiuno kutoka nyuma, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole. Mathenge alikaa chini palepale. Alikaa muda mrefu na kichwa katikati ya magoti.

Alitufikia saa kumi na mbili, baada ya maji kupungua, akivushwa na watu wanne walioshikana mikono. Tulikuwa nyumbani kwa Kasyoka. Yule mwenye mkono alikuwa mume wake, Muthama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa ile leso Kasyoka aliyofungia viazi, ameuinua juu ya bega kama alivyoambiwa. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeshikwa na ngozi tu. Hospitalini kesho yake waliviondoa. Ulikuwa mkono wa kulia, na alikuwa mkulima wa ndengu asiyekuwa na kazi nyingine.

Viazi vilikuwa motoni. Viazi vyangu, Kasyoka alikuwa akitupikia. Wariara alikuwa amelala mapajani mwa Kasyoka na hakutaka kuja kwangu. Nje majirani walikuwa wakiingia na kutoka bila kubisha, mmoja na maziwa, mwingine na blanketi, na nilipoangalia mlango wa nyumba ile niliona hauna hata komeo. Ulikuwa wa mbao tatu tu, umefungwa kwa kamba upande mmoja.

Nilipiga magoti mbele ya Muthama. Nilimwambia anisamehe, kwa Kiswahili, kisha kwa Kikikuyu kwa sababu Kiswahili changu kiliisha. Mathenge alisimama nyuma yangu akisema sijui ng'ombe wangapi, akisema tutalipa, tutalipa. Muthama alimnyamazisha kwa ule mkono mzima. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu, lakini hapakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Kama angenitukana ningejua pa kushika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya lugha ngeni, kisha akasema neno refu kwa Kikamba.

Kasyoka alimjibu kwa ukali, naye akarudia.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Wacha tu, mama. Amechoka."

"Niambie."

Kasyoka alimpapasa Wariara nywele. "Anauliza tu. Si kwa ubaya. Anauliza, kwenu mtu akipiga nduru, nyinyi mnafanyanga nini?"

Nilimtazama Mathenge. Na yeye ni wa Nyeri, na kwao pia kulikuwa na meza ya kusukumwa mlangoni. Akageuka akautazama ule mlango wa mbao tatu.

"Tunafunga mlango," nikasema.

Kasyoka hakumtafsiria mumewe. Alinitazama akingoja, kana kwamba nimesema nusu tu, kana kwamba lazima kuna kitu kingine kinafuata.

"Na yule anapiga?" akaniuliza.

Jina la yule jirani aliyenifundisha kusuka kiondo nilikuwa sijalitamka tangu nikiwa na miaka kumi, hata kwa mama yangu, hata kwa Mathenge. 

"Alikuwa anaitwa Nyawira," nikamwambia.